Jinsi ya Kulichambua Neno la Kiayalandi Lenye Maana ya Chuma

Anza na asili kabla ya sarufi, kwa kuwa historia ya *iarann*, neno la Kiayalandi la chuma, huangaza maumbo yake. Kiayalandi cha Kale kilikuwa na *íarn*, lililotokana na *īsarnom* ya Kiselti Mame, lugha ya kale iliyozaa lugha za Kiselti, baada ya s iliyokuwa kati ya irabu kudondoka, na shina hilo fupi bado limo katika *iarnród*, yaani reli, na *iarnáil*, kupiga pasi. Lilinganishe pia na *haearn* ya Kiwelshi na *houarn* ya Kibretoni, ambayo ni ndugu zake wa damu.

Kisha kumbuka kwamba ni nomino ya jinsia ya kiume, ya kundi la kwanza kati ya makundi ya nomino yanayopangwa kwa namna maumbo yanavyobadilika. Ukilitanguliza kibainishi *an*, neno dogo linaloonyesha kitu mahususi, katika hali ya kiima, yaani neno likiwa kiima cha sentensi, ongeza t na kistari: *an t-iarann*. Katika hali ya umilikishi, yaani “ya chuma”, t hiyo huondoka, na i huingizwa kabla ya nn ili kuonyesha kwamba konsonanti imelainika, yaani hutamkwa ulimi ukiinuka kuelekea kaakaa: *an iarainn*. Badiliko hili la sauti ndilo linalostahili mazoezi mengi zaidi, kwa hiyo yatamke maumbo hayo mawili moja baada ya jingine mpaka sikio litofautishe miisho yake.

Neno *gabha*, yaani mhunzi, lina uhusiano na chuma kwa maana, lakini halifuati mpangilio huo wa kundi la kwanza. Wingi wake ni *gaibhne*.