Miezi bila usukani: jinsi ya kuishi na gari la spoti lililoegeshwa

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wenye magari ya spoti yaliyoegeshwa halihusu matairi wala rangi. Ni hili: "Fundi, naweza kuliwasha mara moja kwa wiki, dakika tano tu, nilisikie?" Anayeuliza ameshajijibu moyoni. Mguu umevunjika, au leseni imesimamishwa, au barabara zimejaa theluji na chumvi, au spea imeagizwa na haijafika. Gari lipo, yeye yupo, na hawawezi kutoka pamoja. Jibu langu ni hapana, na sababu ziko hatua ya tatu. Lakini hapana tupu haimtoshi mtu mwenye hamu, kwa hiyo nimempangia kazi nyingine.

Hatua ya 1: Kadiria muda

Ikiwa ni wiki mbili tatu, ongeza upepo, unganisha chaja, funika gari, basi. Ukizidi mwezi, fuata yote yaliyo hapa. Usipojua, hesabu kwamba utakuwa mrefu.

Hatua ya 2: Safari ya mwisho iwe ya maandalizi

Osha gari kwanza, kisha uliendeshe, ili breki na sehemu za chini zikauke zenyewe. Njiani mimina dawa ya kuhifadhi petroli kwenye tangi, halafu jaza mafuta juu yake. Mwendo utaichanganya na kuifikisha mpaka kwenye nozeli zinazonyunyiza petroli ndani ya injini. Tangi lililojaa huacha nafasi ndogo ya hewa yenye unyevu, na petroli iliyochanganywa na ethanoli huvuta maji haraka.

Ukirudi, mwaga oili ikiwa bado ya moto, weka mpya na filta mpya. Wengi hungoja kubadilisha siku ya kulitoa gari. Mimi naona ni kinyume: oili iliyotumika ina asidi, unyevu na mabaki ya petroli, na hayo ndiyo yatakayolala juu ya beringi miezi yote hiyo.

Usivute handibreki, kwani pedi hugandana na diski. Weka gia na uzuie magurudumu kwa vigingi. Kama handibreki yako ni ya umeme na hujivuta injini ikizimwa, soma kitabu cha gari ujue namna ya kuizuia.

Matairi yaongezwe upepo ili yasipate bapa upande wa chini, lakini usivuke kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Kama ni matairi ya kiangazi ya mbio na baridi imeshuka chini ya sifuri, usilisukume gari hata kidogo. Mpira wake hukakamaa na unaweza kupasuka.

Betri ndiyo hufa kwanza, kwa sababu alamu na kompyuta hunywa umeme hata gari likiwa limezimwa. Betri ya kawaida iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Ikikaa chini ya 12.4, salfa huanza kuganda kwenye sahani zake. Tumia chaja ya kuitunza, ile inayojizima na kujiwasha yenyewe, na betri ya lithiamu ipate chaja yake maalumu. Pasipo na umeme, chomoa waya wa hasi. Hapo angalia jambo moja: magari kadhaa ya spoti yana betri ndani ya buti, na kufuli ya buti hutumia umeme wa betri hiyohiyo. Jua njia ya dharura ya kufungua kabla hujaufunga mfuniko.

Mwisho, turubai la kitambaa kinachopumua, si nailoni. Ziba ekzosi na mdomo wa kuvutia hewa ili panya wasiingie, na utundike karatasi kwenye usukani yenye orodha ya kila ulichoziba na kuchomoa.

Na kabla hujazima, rekodi sauti ya injini, kwenye njia ya wazi, gia ya tatu, vioo vimeshushwa. Utaihitaji.

Hatua ya 3: Usiliwashe

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Injini ikiwa moto, maji hayo hutoka kama mvuke. Ikiwa baridi, sehemu huingia kwenye oili na sehemu hubaki ndani ya ekzosi, na chuma huanza kuoza kutokea ndani. Isitoshe, injini baridi hupewa petroli nyingi kupita kawaida, nayo huosha utando wa oili kwenye silinda. Stata nayo imekula umeme ambao dakika tano za injini kunguruma gari likiwa limesimama haziwezi kuurudisha. Kwa hiyo kila ukiliwasha kwa mapenzi unalichakaza.

Kinachofaa ni safari ya nusu saa barabarani, oili ipate joto lake kamili. Kama huwezi, liache lizime. Kumpa rafiki funguo? Bima yake iwe imemtaja, na wewe uwe na uhakika kwamba hutakaa dirishani ukisikiliza anavyobadilisha gia.

Hatua ya 4: Ipe hamu kazi

Chagua siku moja ya wiki ya kulitembelea. Pima volti, pima upepo, chungulia chini kama kuna tone, nusa kama kuna harufu ya panya. Kila mwezi, hali ya hewa ikiruhusu, lisukumeni wawili, gurudumu lizunguke robo.

Kisha chukua kazi ambayo huwa unaiahirisha. Ningeanza na mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 4, daraja moja la mafuta ya breki, yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230 za selsiasi. Yakishanyonya unyevu, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 155, na kwa anayependa kufunga breki kwa nguvu hiyo ni tofauti ya pedali inayoshika na pedali inayozama bila kushika. Ngozi za viti na rangi zinaweza kufuata. Kazi moja, imalizike, ndipo nyingine. Nimepokea magari mengi yaliyoletwa na viti ndani ya masanduku.

Ogopa pia ununuzi wa usiku wa manane. Mtu asiyeendesha hununua ekzosi. Andika unachokitaka na tarehe, ukinunue baada ya kuliendesha tena, kama bado utakikumbuka.

Hatua ya 5: Mtunze dereva

Simuleta, yaani usukani na pedali za kuendeshea gari kwenye skrini, inasaidia kweli, mradi fedha uzipeleke kwenye pedali kabla ya skrini. Pedali ya breki inayopima nguvu ya mguu hufunza zaidi kuliko ile inayopima umbali tu. Chukua njia moja ngumu uijue kipande kwa kipande. Nordschleife ya Nürburgring, njia ya mbio ya Ujerumani yenye kilomita 20.8, itakupa kazi ya miezi. Itakufunza kutazama mbali na kuchagua mstari. Haitakufunza kuhisi nyuma ya gari ikianza kuteleza chini ya kiti chako, wala hofu.

Kigari kidogo cha mbio, go-kart, kwa hilo kinafaa zaidi, kama mwili na masharti ya leseni yako yanaruhusu. Robert Kubica, dereva wa Formula 1 kutoka Poland, aliumia vibaya mkono wa kulia katika mashindano ya rali ya magari Februari 2011, akarudi kwenye mashindano ya Formula 1 mwaka 2019. Katikati hapo hakukaa akingoja: mwaka 2013 alitwaa ubingwa wa WRC-2, daraja la chini ya lile la juu katika rali za dunia.

Hatua ya 6: Siku ya kurudi

Anza na karatasi ya kwenye usukani, uzibue ulichoziba. Rudisha upepo wa kawaida. Soma tarakimu nne za tarehe ya tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hakikisha bima iko hai. Kama ulikuwa umeumia, kaa kwenye kiti gari likiwa limezimwa, ukanyage breki kwa nguvu zote ghafla. Ukisita kwa maumivu, siku haijafika.

Washa, ngoja taa ya oili izime, ondoka taratibu. Breki zitakwaruza kwa sababu ya kutu ya juu juu. Funga polepole mara kadhaa na mlio uishe. Gari likivutia upande mmoja, simama. Mtetemo wa bapa la matairi kwa kawaida hupotea yakishapata joto. Mfumo wa kuzuia kuteleza uache umewashwa siku zote za mwanzo, na kama magurudumu yalifunguliwa, kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100.