Kabla hujalipia hoteli ya nyota tano mjini, ulizia chumba, lobi achana nayo

Watu wengi wakitafuta hoteli ya kifahari mjini wanaanza na picha, na picha ya kwanza karibu siku zote ni lobi, marumaru inang'aa, taa kubwa imening'inia juu, maua mezani. Sasa jamani hakuna anayelala lobi. Pale utapita asubuhi ukitoka na usiku ukirudi, basi. Ulicholipia wewe ni chumba, usingizi, na mtaa unaokutana nao ukitoka mlango mkubwa, na hivyo vitatu ndo vinaelezwa kidogo kuliko vyote, kwa hiyo inabidi uvitafute mwenyewe mapema kabla hujatoa namba ya kadi.

Nyota kwanza, maana ndo zinachanganya watu. Nyota hazina bosi mmoja duniani. Ufaransa wana mfumo rasmi wa nyota 1 mpaka 5, na mwaka 2010 wakaongeza daraja la Palace juu ya hizo 5. Nchi kadhaa za Ulaya ziliungana 2009 kwenye Hotelstars Union ili zipime hoteli kwa vigezo vinavyofanana. Marekani serikali kuu haigawi nyota kabisa, kule wapo Forbes Travel Guide, kampuni inayokagua hoteli, ambao walianza 1958 kwa jina la Mobil Travel Guide, wapo na AAA, chama cha wenye magari, wanaotoa almasi badala ya nyota. Kwa hesabu ya nyota au almasi zote hizo zinaishia 5, kwa hiyo ukisikia hoteli ina nyota saba jua ni maneno ya matangazo tu. Afu tovuti za kubuku nazo unakuta zina nyota zake ambazo hazifanani na za serikali. Mi sisemi nyota hazina maana, zinasaidia kujua kama mapokezi yapo masaa 24, kama kuna lifti, vitu vya namna hiyo, ila hakuna nyota inayoweza kukwambia chumba utakachopewa WEWE kinatazama wapi.

Location sasa. Hoteli ikiandika "dakika tano kutoka katikati ya mji" jiulize dakika tano kwa usafiri gani, kwa gari au kwa miguu, na saa ngapi, maana dakika tano za saa sita usiku zinageuka arobaini saa mbili asubuhi kukiwa na foleni. Chukua anwani yake uiweke kwenye ramani ya simu, afu upime njia kwenda mahali unapokwenda kweli (ofisi ya kikao, hospitali ya mgonjwa wako, ukumbi wa harusi) na uchague muda uleule utakaosafiri. Ukimaliza hapo geuza ramani iwe ya picha ya satelaiti uangalie mgongo wa jengo. Huko nyuma ndo kuna reli, klabu ya usiku, mahali malori yanashusha mizigo alfajiri, au kiwanja chenye winchi ya ujenzi. Mbele ya hoteli kila mtu anakuonyesha, nyuma ya hoteli hakuna anayekuonyesha.

Kwenye chumba ndo nataka nikae kidogo maana hapa ndo hela nyingi zinapotea. Yale majina, deluxe, superior, premium, kila hoteli inayatumia inavyotaka, deluxe ya huku inaweza kuwa ndogo kuliko cha kawaida cha kule. Kitu ambacho hakidanganyi sana ni mita za mraba, tafuta namba hiyo, isipoandikwa uliza. Chumba cha mita 20 wawili mkiwa na masanduku mawili makubwa mtakuwa mnapishana kwa zamu, cha 35 mnapumua. Kama jengo ni la zamani uliza zaidi, maana vyumba vya daraja moja vinaweza kutofautiana sana, kimoja kina dirisha la barabarani na mwenzake kinatazama ukuta.

Mi nilishapata chumba cha hela nyingi kikawa kimepakana na lifti, kila ikifika ghorofa yetu inalia ting, milango inafunguka, watu wanashuka na masanduku ya magurudumu yanapita juu ya vigae kararara mpaka mwisho wa korido, saa tisa usiku niko macho na asubuhi nina kikao. Resepshen waliniomba radhi kwa adabu zote lakini hoteli ilikuwa imejaa, hakukuwa na cha kufanya. Toka siku hiyo nikishabuku naandika imeili kwa hoteli moja kwa moja, fupi tu, naomba chumba mbali na lifti, ghorofa ya juu kidogo, kisiwe na ule mlango wa ndani unaounganisha na chumba cha jirani (mlango huo unapitisha sauti vibaya sana, simu ya jirani unaisikia kama yako), na nauliza kama kuna ukarabati wowote tarehe zangu. Hilo swali la ukarabati usiliache. Na wakijibu tunza majibu, maana yakiwa kwenye maandishi unakuwa na pa kushika.

Riviu soma, ila soma mpya. Zipange kwa tarehe uangalie za miezi mitatu ya mwisho, afu tafuta maneno kama kelele, kiyoyozi, maji ya moto, harufu. Mtu mmoja akilalamika inaweza kuwa siku mbaya, wanne wakilalamikia kitu kilekile mwezi huohuo hapo pana jambo. Angalia pia picha walizopiga wageni wenyewe, hasa za bafuni.

Hela. Bei ya kwanza unayoiona mara nyingi sio utakayolipa. Kuna kodi, kuna sevisi chaji, miji mingine ina ushuru wa usiku unaolipwa palepale hotelini, kuna kifungua kinywa ambacho hakimo, kuna paking. Marekani toka Mei 2025 sheria inalazimisha ada zote za lazima ziwemo kwenye bei wanayotangaza, ila kodi za serikali zinaweza kubaki nje, na sehemu nyingine usitegemee hata hilo. Omba jumla ya mwisho. Uliza pia dipoziti, maana ukifika wanazuia kiasi fulani kwenye kadi yako kwa ajili ya lolote litakalotokea, na ukitumia kadi ya debiti hiyo ni hela yako halisi imefungwa, inaweza kukaa siku kadhaa baada ya kuondoka ndo irudi, sasa kama ndo ulikuwa unategemea hiyohiyo kwa nauli na chakula utaaibika ugenini. Na ile mashine ya kadi ikikuuliza unataka kulipa kwa sarafu ya kwenu, kataa, lipa kwa sarafu ya hapo, kwani ile nyingine mara nyingi inakuja na kiwango kibaya.

Masharti ya kughairi soma mpaka saa, maana kwa kawaida wanahesabu kwa saa za hoteli na sio za kwako. Mida ya kuingia pia, hoteli nyingi zinatoa chumba saa tisa mchana, kwa hiyo ndege ikitua alfajiri ama ulipie na usiku uliotangulia ama wakuahidi kwa maandishi. Ukichelewa kufika usiku wa manane wajulishe, wasije wakakuhesabu hujaja wakampa mtu mwingine chumba chako.

Ukishafika, usifungue sanduku kwanza. Funga mlango, washa kiyoyozi, fungua bomba la maji ya moto uone yanachukua muda gani, vuta pazia uangalie kama mwanga unaingia, soma ile ramani ya njia ya dharura nyuma ya mlango, afu kaa kitandani dakika tano kimya usikilize. Kama kuna tatizo shuka resepshen saa hiyohiyo na ufunguo mkononi, mashuka ya kitanda bado hujayakunja na taulo ni kavu, kukubadilishia chumba hapo ni rahisi kuliko saa sita usiku.