Jinsi ya Kuchagua Shahada ya Uzamili Kabla ya Kuomba Udaktari Marekani

Kwetu Tanzania, kijana aliyefaulu vizuri fizikia, kemia na biolojia kidato cha sita anaweza kuingia moja kwa moja kusomea udaktari. Marekani sivyo. Huku unamaliza kwanza shahada ya kwanza, kwa kawaida miaka minne, unafanya MCAT, mtihani wa kujiunga na udaktari, ndipo unaomba chuo cha udaktari. Mwenye GPA ndogo, yaani wastani wa alama za chuo ambao juu kabisa ni 4.0, huambiwa haraka: "Kasome masta (uzamili) kwanza." Ushauri huo huwafaa baadhi. Wengine huwaachia deni zito, na udhaifu wao ukabaki pale pale. Kwa hiyo, mdogo wangu, usijaze fomu ya uzamili kabla hujapita hatua hizi.

Kwanza, soma transkripti yako, yaani orodha rasmi ya kozi na alama zako, kama atakavyoisoma mgeni. AMCAS, mfumo unaopokea maombi ya vyuo vingi vinavyotoa MD (shahada ya udaktari), hukokotoa GPA ya masomo yote, kisha GPA ya peke yake ya biolojia, kemia, fizikia na hisabati. Kozi uliyofeli ukairudia huhesabiwa mara zote mbili. Fanya hesabu hiyo mwenyewe, usikisie.

Sasa shika jambo hili, maana ndilo linaloumiza watu wengi: alama za uzamili haziingizwi kwenye GPA ya shahada ya kwanza. Huandikwa kwenye mstari wake. Ukiwa na 2.9, ukapata 4.0 ya uzamili, ile 2.9 haisogei, na chuo kinachochuja waombaji kwa GPA ya shahada ya kwanza kinaweza kukuacha bila hata kusoma insha yako. Kinachoisogeza ni kozi za ngazi ya shahada ya kwanza unazosoma baada ya kuhitimu. Mwenye krediti 120 kwa wastani wa 3.0 akiongeza 30 kwa wastani wa 4.0 anafika 3.2. Ni mwaka mzima wa jasho kwa nyongeza inayoonekana ndogo, lakini kwa aliye chini ya 3.0 ningeanzia hapo, kwenye chuo cha jimbo chenye ada nafuu.

Uzamili unamfaa zaidi aliyekaribia: GPA si mbaya ila masomo ya sayansi yameyumba, na MCAT yake inaridhisha. Kama tatizo ni MCAT, ambayo alama zake huanzia 472 hadi 528, jifungie usome MCAT. Na kama kinachokosekana ni kuwa karibu na wagonjwa, basi kafanye kazi. Wengi wetu huku tumelea wazee kwenye nyumba za kutunzia wagonjwa, zamu za usiku, kisha tunaona aibu kuyataja. Yataje! Fomu ya AMCAS ina nafasi ya shughuli 15, na kumgeuza mgonjwa kitandani saa tisa usiku ni shughuli yenye uzito.

Ukiona kweli unahitaji uzamili, chagua aina. Shahada ya afya ya jamii ni nzuri kwa anayeipenda kazi hiyo, ila haionyeshi kwamba utaimudu biokemia ya mwaka wa kwanza wa udaktari. Inayoonyesha hilo ni ile ambayo wahusika huiita SMP (Special Master's Program), uzamili wa kuwaandaa waombaji wa udaktari, kama ya fiziolojia pale Georgetown au ya sayansi ya tiba pale Boston University. Unasoma masomo ya kiwango cha wanafunzi wa udaktari, na hapo hapo ndipo hatari ilipo. Ukipata C huko, umeandika ushahidi dhidi yako mwenyewe. Usiingie ukiwa na kazi ya kutwa au msiba ambao haujatulia moyoni.

Kabla ya kulipa ada ya maombi, iandikie ofisi ya programu. Uliza ni wangapi walioingia vyuo vya udaktari kati ya wote walioanza, maana ukipewa hesabu ya waliomaliza tu, walioanguka njiani wamefichwa. Uliza kama wanafunzi wake hufanya mitihani ile ile ya wanafunzi wa udaktari. Uliza kama chuo cha udaktari kinachoendesha programu hiyo huwaita wahitimu wake kwenye usaili, kwa masharti gani, na uombe jibu la maandishi.

Aliyesoma shahada ya kwanza Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ana suala jingine. AMCAS haikokotoi GPA ya masomo ya nje, na vyuo vingi vya udaktari hutaka masomo ya msingi yawe yamesomwa Marekani au Kanada. Uzamili peke yake huenda usitimize sharti hilo. Wasiliana na kila chuo unachokitaka. Kama uko kwa viza ya mwanafunzi, uliza pia kama kinapokea raia wa kigeni, kwa sababu vingi havipokei.

Fedha: mkopo wa serikali kuu hupewa raia, wenye ukaazi wa kudumu, na makundi machache kama wakimbizi. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026 Grad PLUS, mkopo wa ziada wa serikali kuu kwa wanafunzi wa uzamili na udaktari, umefungwa kwa wakopaji wapya, na mkopo wa kawaida wa uzamili una kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka. Ada ikizidi hapo, jua mapema nani atalipa.

Mwisho ni kalenda. Maombi ya AMCAS hufunguliwa mwezi Mei, na unaomba zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuanza masomo. Ukianza uzamili Agosti 2027, ukaomba Juni 2028, vyuo vitaziona alama zako, nawe utaanza udaktari 2029. Ukiomba Juni 2027, hakuna alama ya kuona. Na ukishajiandikisha, vyuo vingi hudai umalize shahada hiyo kabla hujaingia. Alama za mwisho zikitoka tu, omba transkripti rasmi itumwe AMCAS, pamoja na za kila chuo cha Marekani ulichowahi kusoma, hata kozi moja ya kiangazi, maana hawaanzi kuhakiki fomu yako mpaka zote zifike.