Jinsi ya Kumpa Mgonjwa Dawa kwa Njia Yake

Anayemwuguza mgonjwa nyumbani, iwe Dodoma mjini au kijijini huko Mpwapwa, hukabidhiwa dawa pamoja na maagizo mawili: kiasi na njia. Wengi hulishika la kwanza na kulilegeza la pili, ilhali kiasi hicho kimekadiriwa kwa kuzingatia njia hiyohiyo.

Dawa ikimezwa hufyonzwa na utumbo, kisha damu huipitisha kwenye ini kabla haijasambaa mwilini, na huko vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini, huibadilisha na kuipunguzia nguvu. Ndiyo maana miligramu 10 za mofini (dawa ya maumivu makali) ya sindano hukadiriwa kuwa sawa na takriban miligramu 30 za kumeza. Kidonge cha nitrogliserini, dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, huyeyushwa chini ya ulimi ili kiingie katika damu bila kupita ini kwanza. Kikimezwa, sehemu kubwa ya dawa huharibika njiani, na maumivu ya kifua hubaki palepale.

Usisage kidonge kabla ya kumwuliza mfamasia. Kile kilichotengenezwa kutoa dawa polepole, kikisagwa, humwaga dozi ya saa nyingi kwa mara moja.

Dawa mseto ya malaria, yaani artemeta na lumefantrini, huhitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa lumefantrini hufyonzwa vizuri ikikutana na mafuta tumboni, na uji mtupu hauna mafuta ya kutosha. Kabla hajameza, mpe mgonjwa maziwa yasiyoenguliwa, au ugali wa uwele kwa mlenda ulioungwa karanga, chakula ambacho Ugogo hakihitaji kutafutwa mbali. Dozi ya pili hufuata baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku 2. Akitapika ndani ya saa 1, dozi irudiwe.

Mtoto wa chini ya miaka 6 anayetapika kila kitu au aliyepatwa na degedege asimezeshwe chochote. Awahishwe zahanati, ambako anaweza kuwekewa artesuneti, dawa ya malaria, kwa njia ya haja kubwa, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kabla ya kupelekwa hospitali. Damu ya sehemu ya chini ya njia hiyo hurudi moyoni bila kupitia ini kwanza, tofauti na ile ya sehemu ya juu. Matako ya mtoto yabanwe kwa dakika 10, na dawa ikitoka ndani ya dakika 30, awekewe nyingine. Homa ikishuka njiani, safari iendelee vilevile, kwa sababu dozi hiyo humpa mtoto muda wa kufika hospitali tu, wala haimalizi malaria.