Kabla ya kupanda Njia ya Inka kwa siku moja

Njia fupi ya Inka ya kwenda Machu Picchu, magofu ya mji wa kale wa Wainka (watu waliotawala milima ya Andes kabla ya Wahispania) nchini Peru, huanzia mahali pasipo na kituo. Treni itokayo Ollantaytambo husimama kidogo kando ya Mto Urubamba, penye alama ya kilomita 104, watembeaji hushuka upesi, nayo huendelea na safari. Unavuka daraja, walinzi wanakagua karatasi zako, unaanza kupanda. Ni mwendo wa kilomita 12 hivi, na wengi huumaliza kwa muda wa saa sita hadi saba. Mtu mwenye afya ya kawaida anaumudu. Kinachowakwamisha watu zaidi ni mambo ya kabla ya siku hiyo: karatasi, na zile siku mbili tatu za kwanza baada ya kutua milimani.

Tuanze na kibali, kwa sababu bila hicho hakuna safari. Hairuhusiwi kutembea njia hii peke yako. Ni lazima uwe na mwongoza watalii mwenye leseni, na kibali hukatwa kupitia wakala aliyeidhinishwa na serikali. Idadi ya watu kwa siku ina kikomo, kwa hiyo ukitaka kwenda kati ya Mei na Agosti, weka nafasi miezi kadhaa mapema. Kibali huandikwa jina na namba ya pasipoti yako, hakiwezi kupewa mtu mwingine, na ukiahirisha safari fedha hairudi. Kama pasipoti yako inakaribia kuisha, ibadilishe kwanza, ndipo ukate kibali. Sisi wenye majina matatu tuwe waangalifu zaidi: mpelekee wakala picha ya ukurasa wa pasipoti, kisha mwombe akuonyeshe jina lilivyoandikwa kwenye kibali na kwenye tiketi ya treni. Siku yenyewe utabeba pasipoti halisi, nakala haitoshi.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam au Nairobi hadi Lima. Kwa hiyo ulizia viza ya Peru na pia viza ya kupitia katika nchi utakayobadilishia ndege, kabla hujalipia chochote.

Sasa suala la mwinuko, ambalo naomba ulipe uzito kuliko viatu na begi. Cusco, mji utakaotua kwa ndege kabla ya kwenda kwenye njia, iko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na ndege kutoka Lima, mji wa pwani, hukupandisha huko kwa muda wa saa moja na kitu. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu atanielewa haraka: Mandara iko mita 2,720, na mtu hufika pale kwa miguu, polepole, baada ya saa kadhaa za kupanda. Inti Punku, yaani Lango la Jua, ndiyo sehemu ya juu kabisa ya njia hii ya siku moja, nayo iko mita 2,700 na ushei, karibu sawa na Mandara. Maana yake ni kwamba kitanda chako cha Cusco kiko juu kuliko kilele cha matembezi yako. Mtu anaweza kuugua akiwa hotelini, hata hajaigusa njia.

Ndiyo maana ushauri wangu ni huu: ukitua Cusco, usilale mjini. Chukua gari siku hiyohiyo ushuke Bonde Takatifu, ukalale Urubamba au Ollantaytambo, ambako ni chini ya mita 2,900. Kaa huko walau usiku mbili, kunywa maji, kula chakula chepesi, acha pombe, na usikimbilie kupanda magofu siku ya kwanza. Cusco utaiona baadaye, mwili ukiwa umezoea. Kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi kukatikakatika ni mambo ya kawaida, na mara nyingi hupungua ukipumzika. Lakini mtu akianza kuchanganyikiwa, kuyumba anapotembea, au kuhema akiwa amekaa tu, ashushwe chini na kupelekwa hospitali bila kusubiri asubuhi.

Onana na daktari kabla ya safari. Mwulize kuhusu asetazolamidi, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, na umweleze kama una mzio wa dawa zenye salfa. Mwenye ugonjwa wa seli mundu asiende bila ushauri wa daktari wake, kwa kuwa hewa yenye oksijeni kidogo inaweza kumletea maumivu makali na madhara makubwa. Hata aliyerithi kinasaba kimoja tu cha ugonjwa huo, anayejiona mzima, amweleze daktari. Kwetu hali hii iko katika familia nyingi, ila miongozo ya watalii iliyoandikwa kwa wageni wa Ulaya na Marekani huigusa kwa nadra.

Kuhusu miguu: njia hii ni ngazi, na ngazi zenyewe ni za mawe yasiyolingana. Kukimbia barabara tambarare hakutakusaidia sana. Panda ngazi za ghorofa, au nenda milima ya Uluguru, Lushoto au Ngong, na ujizoeze kushuka pia, maana kutoka Inti Punku hadi Machu Picchu magoti ndiyo hufanya kazi. Saa za mwanzo, toka magofu ya Chachabamba, ni mlima mkavu usio na kivuli cha maana. Baada ya magofu ya Wiñay Wayna unaingia msitu wa mawingu, kisha karibu na Lango la Jua kuna ngazi hamsini hivi, zimesimama kiasi kwamba wengi huzipanda kwa mikono na miguu.

Kiangazi ni Mei hadi Septemba; mvua huanza Novemba na huwa nzito zaidi Januari na Februari, mpangilio ambao mtu wa Songea au Mbeya ameuzoea. Hata kiangazi beba koti la mvua. Begi liwe dogo, kwa kuwa kwa kawaida utalibeba mwenyewe, na Machu Picchu haipokei begi linalozidi sentimita 40 kwa 35 kwa 20. Sanduku liache hotelini. Weka maji lita mbili kwenye chupa ya kudumu, kofia, mafuta ya kukinga jua, na dawa ya wadudu: usubi wa bonde lile huuma vibaya, ingawa malaria huko hakuna. Fimbo ya kutembelea iwe na mpira kwenye ncha, ili isichubue mawe.

Mawe hayo yanastahili heshima. Njia hii ni kipande cha Qhapaq Ñan, mtandao wa barabara za Wainka wenye zaidi ya kilomita 30,000, unaopita katika nchi sita na ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2014. Wainka waliujenga na kuutumia bila magurudumu. Pale Wiñay Wayna, matuta ya kilimo yamepinda kufuata umbo la mlima, na maji hushuka kutoka birika moja hadi jingine. Mwombe mwongozaji asikuharakishe hapo. Usikae juu ya kuta, usitoke nje ya njia.

Utaingia Machu Picchu alasiri, wakati muda wa kuzunguka umebaki kidogo. Muulize wakala mapema kama tiketi ya kuirudia kesho yake imo kwenye bei, na basi la mwisho la kushuka Aguas Calientes, mji ulio chini ya Machu Picchu, huondoka saa ngapi.

Mwisho, chanjo ya homa ya manjano. Peru imo katika nchi zenye ugonjwa huo upande wa Amazon, hivyo unaporudi Tanzania au Kenya unaweza kudaiwa cheti; kiweke pamoja na pasipoti. Chai ya majani ya koka utakaribishwa kila hoteli, na huko ni halali. Inywe hukohuko, usifungashe hata pakiti moja, kwa sababu katika viwanja vingi vya ndege utakavyopitia majani hayo huhesabiwa kuwa dawa za kulevya.