Winnipeg hadi Brandon mwezi wa kwanza: maelekezo ya fundi wa Nyakato

Mpwa wangu alinipigia nikiwa chini ya Noah ya mteja hapa Nyakato, Mwanza, jasho linaniingia machoni. "Mjomba, mwezi wa kwanza nawapeleka wenzangu Brandon. Nibebe nini?" Anasoma Winnipeg, Kanada. Kutoka hapo hadi Brandon ni zaidi kidogo ya kilomita 200, karibu sawa na Mwanza hadi Musoma. Nikamwambia mambo ya kubeba tutafika, kwanza aniambie rejeta ina nini ndani. Akanyamaza.

Niliendesha magari ya mizigo kulekule misimu tisa ya baridi kabla sijarudi kufungua gereji. Kinachotuponza sisi kule si kutojua kuendesha. Ni kwamba tunaenda na mazoea ya hapa: mafuta ya buku kumi, maji ya bomba kwenye rejeta, na imani kwamba gari likizima atapita mtu. Kule jiandae kwa safari ukijua gari litazima, tena mahali pasipo na mtu, na nje ni nyuzi 30 chini ya sifuri.

Rejeta kwanza. Ukiweka maji matupu hapa, hasara yake ni kutu na kuchemsha. Kule yataganda, na maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9. Soda uliyoisahau kwenye friza ilifanya nini? Sasa chukulia hiyo chupa ni bloku ya injini. Weka kulanti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Hiyo inavumilia hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Wapo wanaojifanya wajanja wakamimina kulanti tupu bila maji. Tupu inaganda mapema kuliko iliyochanganywa, kwa hiyo usiige.

Maji ya kuoshea kioo nayo ni hivyohivyo, na hapa nina kovu. Msimu wangu wa kwanza nilijaza maji ya bomba. Nikiwa nyuma ya lori barabara kuu, matope ya theluji na chumvi yakanirukia kioo kizima. Nikabonyeza: kimya. Waipa zikapaka yale matope vizuri kabisa, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Niliendesha nimetoa kichwa dirishani mpaka nikapata pa kuegesha, na sikio la kushoto lilibambuka ngozi wiki nzima. Nunua maji ya kioo yaliyoandikwa nyuzi 40 chini ya sifuri, na galoni moja ya akiba ikae ndani ya gari.

Matairi: tafuta yenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, hata kama kashata zake bado nzima. Funga manne, usifunge mawili. Upepo upime asubuhi kabla gari halijatembea, maana baridi inaupunguza, na taa ya tairi ikiwaka dashibodi usidhani ni pancha.

Betri ikiwa ya wasiwasi, badilisha kabla ya safari. Baridi inainyima nguvu wakati huohuo ambao oili nzito inaidai nguvu zaidi.

Utaona magari ya Winnipeg yana waya wa umeme unaoning'inia mbele kwenye grili. Si ya umeme hayo. Ni hita ya bloku ya injini, unaichomeka ukutani saa mbili tatu kabla ya kuondoka, hasa ikipita nyuzi 15 chini ya sifuri. Kumbuka kuichomoa. Mimi niliwahi kuondoka na waya wa jirani ukinifuata nyuma mtaa mzima kama mbuzi wa kamba, na watu wananipungia mkono. Nikawa nawapungia na mimi.

Mafuta yasishuke chini ya nusu tanki. Sheli zipo, ila safari ya saa mbili inaweza kuwa ya saa nane, na injini ndiyo jiko lako.

Sasa vya kubeba. Chepe, waya za kubusti betri, tochi, kifaa cha kukwangulia barafu kwenye kioo, mfuko wa mchanga wa kumwaga chini ya tairi likizunguka bure. Blanketi moja kwa kila mtu, si moja la kugombania. Mishumaa minene na kopo la bati la kuwashia. Karanga, kashata (za kula), maji kwenye chupa isiyojaa hadi juu. Chepe na chakula vikae ndani mnamokaa, kwa sababu mlango wa buti unaweza kuganda. Ndizi usibebe, niliwahi kuiacha usiku mmoja, asubuhi ungeweza kupigilia nayo msumari.

Nguo vaa nyembamba nyembamba kwa tabaka, na ya kugusa mwili isiwe pamba, maana pamba ikilowa jasho inakugeuka. Viatu visibane. Glavu za vidole vyote pamoja zinashinda zile za vidole mbalimbali. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na kifua. Ikipata baridi, asilimia 40 inageuka sifuri ukiitazama.

Asubuhi ya safari piga 511, ndiyo namba ya hali ya barabara za Manitoba, jimbo lenye Winnipeg na Brandon. Wakisema barabara imefungwa, imefungwa, hakuna kuongea na trafiki. Sisi tuliolala Kigongo tukisubiri kivuko cha ziwani kabla daraja halijajengwa tunajua kungoja. Fanya vivyo hivyo.

Barabarani, barafu inakuwa na hila zaidi karibu na nyuzi sifuri kuliko kwenye baridi kali, kwa sababu inapata utelezi wa maji juu yake. Juu ya madaraja inatangulia, maana upepo unapita chini pia. Kama umewahi kuendesha udongo wa mbuga kule Magu wakati wa masika, mguu wako tayari unajua: usikanyage ghafla, usikate usukani ghafla, elekeza pua unakotaka kwenda. Tofauti ni kwamba tope unaliona.

Mkikwama, msitoke kutafuta msaada kwa miguu. Upepo ukipeperusha theluji kwenye tambarare ile huoni hata boneti yako. Nilikwama hivyo jirani na Portage la Prairie, mji wa njiani kwenda Brandon, injini inanguruma, hita inanibembeleza, nikaanza kuumwa kichwa na kusinzia. Nilidhani ni uchovu. Kilichoniokoa ni haja ndogo: nilishuka, nikakuta theluji imefika juu ya eksozi na kuiziba. Moshi wote ulikuwa unanirudia. Basi: fukua eksozi kwanza, washa injini dakika kumi kila saa, fungua dirisha kidogo upande usio na upepo, kisha zima. Mshumaa nao unataka hilo dirisha. Na asilale kila mtu kwa pamoja.

Ukifika Brandon, inua waipa zisigande kwenye kioo, hendibreki usiivute kama magurudumu yamelowa, chomeka waya. Halafu mpigie mama yako, maana ulimwambia saa ya kufika. Saa kumi na mbili jioni ya huko ni saa tisa usiku Mwanza. Piga tu. Dada yangu namjua, atakuwa amekaa kitandani na simu mkononi.