Mambo ya kuzingatia kabla ya kuingia Ziwa Victoria usiku: dhoruba huanzia bara, mchana

Mimi si mvuvi. Nanunua dagaa visiwani, nawaanika, nawapeleka mjini. Lakini anayenunua dagaa hulala mwaloni, yaani ufukoni boti za uvuvi zinapofikia, na anayelala mwaloni anazijua boti zilizotoka na anazijua zilizorudi. Nawaandikia wavuvi, wachuuzi wanaovuka usiku na boti za mizigo, na ninyi wageni mnaokodi boti jioni kwa sababu mmeona picha za machweo ya kisiwani.

Yale ya wazi tuyamalize kwanza. Jaketi la kuokolea livaliwe na lifungwe kabla boti haijasukumwa. Boti isijazwe, ukikaa ukingoni na vidole vyako vinagusa maji, shuka, nauli utadai baadaye. Mafuta yawe ya kwenda, ya kurudi na ya kuhangaika. Makasia yawemo hata kama injini imenunuliwa jana. Simu iwe na chaji na ikae ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri. Ndoo ya kukombea maji ifungwe kwa kamba, maana isiyofungwa ndiyo ya kwanza kupeperuka. Mtu mmoja anayebaki nchi kavu ajue mko wangapi, mmeelekea wapi, mnarudi saa ngapi.

Utabiri wa hali ya hewa usikilizwe, tena hadi mwisho. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa za ziwa, na ikiona hatari hutumia ngazi tatu: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Wengi wakisikia angalizo wanaendelea kula. Wewe tafuta mambo mawili, ni upande gani wa ziwa na ni kipindi gani cha siku. Ziwa hili lina kilomita za mraba karibu 69,000. Mvua ya Bukoba alfajiri inaweza isimguse kabisa aliye Musoma, na aliyesikia neno "mvua" akaishia hapo hajasikia kitu.

Sasa lile linalonifanya niandike. Iangalie milima ya bara saa 10 alasiri. Usingoje kuliangalia ziwa saa 12 jioni, kwa sababu saa hiyo ziwa hudanganya.

Ilikuwa kipindi cha giza, zile siku ambazo mwezi haupo, dagaa hufuata taa na kila mwenye boti anataka awe majini. Tulikuwa kwenye kisiwa kimoja upande wa Ukerewe. Tangu adhuhuri upepo wa ziwani ulikuwa unavuma kwenda bara kama kawaida yake, na upande wa Mara mawingu yalikuwa yanapanda. Ilipofika saa 10 yalikuwa meusi chini, meupe juu, na vichwa vyao vimetandaa bapa. Tuliona radi bila kusikia ngurumo. Juu yetu anga ilikuwa ya bluu tupu. Jua likazama, upepo ukafa, maji yakatulia hadi ukaweza kusikia watu wakiongea kwenye boti za mbali. Vijana wakafurahi, leo ziwa limelala.

Mzee mmoja mwenye boti mbili akazivuta zake mchangani na kuzifunga. Kijana akamtania, "Mzee, hiyo si mvua ya bara? Sisi inatuhusu nini?" Mzee akajibu neno moja tu. "Itashuka."

Mwaloni pale zilitoka boti tatu. Usiku wa manane ulianza upepo wa nchi kavu, mwepesi, wa kila siku. Halafu kwenye saa 8 ukaja mwingine juu ya ule, wa ghafla, wenye baridi ya kumwamsha mtu atafute shuka. Mabati ya kibanda yakaanza kugonga. Mvua ilikuwa haijafika bado. Nilipotoka nje, taa za majini zilikuwa zinapotea na kurudi kwa jinsi mawimbi yalivyokuwa yanazificha, kisha radi ikamulika ziwa zima, na baada ya hapo sikuona tena taa hata moja.

Kulipopambazuka zilirudi boti mbili. Ya tatu ilikuwa na watu wanne, akapatikana mmoja, ameng'ang'ania dumu tupu la mafuta. Alisema baridi ilipowapiga walianza kubishana. Wawili walitaka wavu ukatwe. Wawili walisema wavu ni wa tajiri, yaani mwenye boti, ukipotea watakatwa mapato hadi wazeeke. Wakaendelea kuuvuta. Wavu uliojaa ukaishika boti ubavu kwa mawimbi, ikaanza kuingiza maji upande mmoja, na ndoo ikawa haionekani. Majaketi yalikuwemo. Yalikuwa ndani ya mfuko wa salfeti chini ya ubao wa mbele, yamehifadhiwa yabaki safi kwa siku ya ukaguzi.

Waliorudi walifanya tofauti. Walikata wavu mapema, na badala ya kukimbilia nyumbani huku mawimbi yakiwapiga kisogoni, waligeuza kichwa cha boti kielekee upepo, injini ikienda taratibu, mmoja akikomba maji bila kupumzika. Kwa hiyo kabla ya kutoka, kaeni na tajiri mkubaliane mbele ya mashahidi kwamba wavu uliokatwa kwa dhoruba haudaiwi. Akikataa, umeshajua unafanya kazi na mtu wa namna gani. Na kwenye kamba ya wavu fungeni dumu tupu, mkiikata huenda mkaukuta wavu asubuhi.

Mzee hakuwa anapiga ramli. Mchana jua hupasha nchi kavu haraka kuliko maji. Hewa ya bara inapanda, na hewa ya ziwani, yenye ubaridi kidogo na unyevu mwingi, inaingia kuchukua nafasi yake. Huo ndio upepo wa ziwani, ambao huanza kuhisiwa asubuhi jua likishakuwa kali na kushika nguvu mchana. Upande wa mashariki unakutana uso kwa uso na upepo unaovuma kutoka Bahari ya Hindi, na hewa mbili zikigongana hivyo hazina pa kwenda ila juu. Milima nayo inaongeza msukumo. Ndiyo sababu Kisii inasifika kwa radi, na Kericho na Nandi, juu huko kwenye mita 2,000 hivi, mvua ya mawe huwachania wakulima majani ya chai. Wakati huohuo hewa iliyo juu ya ziwa, kwa kuwa ya chini yake inaondoka kwenda pande zote, inashuka kutoka juu, na hewa inayoshuka haijengi wingu. Ile bluu ya jioni inatokana na hilo. Mvua ya ziwa siku hiyo bado iko bara.

Usiku mambo hugeuka. Bara linapoa, ziwa linabaki na joto lake la nyuzi 25 hivi. Upepo sasa unatoka kingo zote kuingia majini, na kwa vile ziwa linakaribia umbo la duara, pepo za Kenya, Uganda, Mwanza na Kagera zinaelekeana. Zinapokutana hewa inapanda ikiwa imelowa, na mawingu ya radi yanajijenga juu ya maji saa ambazo wavuvi wameshatandaza nyavu. Hilo ni jambo la kawaida, na usiku mwingi linaishia kwenye mvua ya kuvumilika. Kinachotia ukali ni mvua ya alasiri. Mvua nzito inapoza hewa iliyo chini yake, hewa hiyo inakuwa nzito, inateremka kutoka milimani hadi ziwani na kuusukuma ule upepo wa usiku kwa nguvu ambayo hauna kwa kawaida. Mwaka 2016 watafiti waliochambua picha za setilaiti walichapisha jambo hilohilo, kwamba radi nyingi za alasiri barani hutangulia dhoruba kali za usiku ziwani. Walisema pia kwamba dunia ikizidi kupata joto dhoruba hizo zitazidi ukali. Mzee yule hakusoma karatasi yao.

Ukiona basi wingu la bara limepanda na kutandaza kichwa, hasa mashariki, usitoke. Kama njaa inakulazimisha, baki karibu na ufuko ambapo unaweza kufika kabla hujamaliza kusema shahada. Una jamaa Tarime au Kisii? Mpigie saa 11 jioni umuulize kama kumenyesha na kama kulikuwa na mawe. Vocha ya kupiga simu hiyo ni bei ya soda. Na ukiwa majini, usingoje mvua ndiyo uamue. Upepo wa baridi wa ghafla ndio mlango wa dhoruba, na mkishaupata mna dakika chache tu, zisitumike kubishana.

Watu wa Bukoba, Muleba na visiwa vya Ssese wao wana saa yao. Upepo wa mashariki huisogeza dhoruba ya usiku kuelekea magharibi, ikawafikia kuanzia alfajiri hadi katikati ya asubuhi. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Musoma, ng'ambo ya maji hayohayo, haifiki hata nusu yake. Novemba 6, 2022, ndege ya abiria iliangukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Walikuwemo watu 43, wakafariki 19, na wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi. Chanzo cha ajali nawaachia wachunguzi. Mimi nataka uitazame saa tu, ilikuwa inakaribia saa 3 asubuhi. Anayevuka upande huo asidhani usiku ukiisha hatari nayo imeisha.

Radi ipimwe. Hesabu sekunde tangu mmuliko hadi ngurumo, ugawe kwa 3, hapo una kilomita. Ikiwa chini ya sekunde 30 uko ndani ya eneo la hatari, na ukishajificha ngoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Ziwani wewe na nguzo ya taa ndio mrefu kuliko vyote, kwa hiyo laza nguzo, inama, ondoa mkono kwenye chuma. Nchi kavu usijifiche chini ya mti, usibaki uwanja wa mpira eti zimebaki dakika tano, wala usikae kwenye kibanda cha turubai huku umeegemea nguzo. Nyumba ya matofali au gari lililofungwa vioo ndiyo mahali.

Masika na vuli ongeza uangalifu, lakini kiangazi nacho kisikulevye, ziwa halisomi kalenda. Usivuke umekunywa. Usipande boti kwa kuwa nahodha amesema amezaliwa majini, kwani wengi waliokufa maji walizaliwa hukohuko. Asiyejua kuogelea aseme kabla, asione haya, na akae karibu na anayejua. Mwenye kifafa naye aseme. Mizigo ya bati na saruji ikae chini na katikati. Nauli ilipwe mkishafika, maana aliyekwisha kulipwa hana haraka ya kughairi safari. Mtoto avae jaketi la saizi yake, la mtu mzima humchomoka kichwani akiingia majini.